Kabla Msafara Haujatoka Goba

Picha za mchana kila mtu anapiga. Jua limewaka, kila kitu kinaonekana, hata mwenye simu iliyopasuka kioo anapata kitu cha kuonyesha. Mie nimejenga nyumba Madale kwa picha za saa tisa na saa kumi usiku, saa ambazo wapiga picha wenzangu wamelala na kamera zao za bei mbaya zimelala nao. Nyumba ina vyumba vinne, ukuta, na geti la kuteleza. Sijisifu. Anayebisha apande kile kilima aje aliangalie hilo geti.

Shule niliishia darasa la tano, Temeke. Nilianza na kamera ya filamu, ya kuazima, napiga picha za vitambulisho kwenye kibanda chenye pazia la bluu. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita na hakukuwa na kufuta. Ukikosea mwanga, umekosea, na mteja anataka picha yake. Ndiyo maana nawaambiaga vijana kwamba wao wamejifunza kamera, mie nimejifunza mwanga. Nikiingia kwenye chumba cha giza naona kwanza ukuta upi mweupe, taa ipi ya njano, nani kavaa nyeusi atakayemezwa na giza. Hicho hakifundishwi chuoni, na kama kinafundishwa basi hao waliotoka huko siku hiyo hawakuwepo darasani.

Kazi ya alfajiri niliipata kwa misiba. Sie watu wa Pwani mtu akifa asubuhi, alasiri tumeshamzika na tumerudi kunywa kahawa. Hakuna nafasi ya mpiga picha hapo, wala hatakiwi. Lakini huku Goba, Madale na Mbezi wamejaa watu wa bara, na mtu wa bara hazikwi Dar. Anarudishwa kwao. Vinakaa vikao, inaundwa kamati, linafungwa turubai, kwaya inaimba, halafu siku ya kuondoka wanatoka usiku mkubwa ili wafike mkoani jua likiwapo. Kabla ya kutoka wanataka picha na jeneza, wote, kwa makundi.

Mara ya kwanza niliitwa kwa sababu mwenzangu aliyekodiwa hakuamka. Nikafika na pikipiki ya kukodi, nikakuta watu wamesinzia kwenye viti vya plastiki na taa moja inaning'inia. Mtu mwingine angewapiga flashi usoni, wote watoke weupe kama wamepakwa unga, macho yametoka. Mie niliangalia juu nikaona turubai jeupe. Nikaielekeza flashi kule juu, mwanga ukagonga turubai ukashuka umepoa, laini, kama wa saa tatu asubuhi. Hakuna aliyeshtuka, na wanaolia wakaendelea kulia. Zile picha zilizunguka kwenye simu za ukoo mzima, na kuanzia hapo simu yangu ikawa inaita.

Kisha nikaleta utaratibu. Zamani kutoka kwa msafara ilikuwa vurugu tupu. Watu wakishapigwa picha wanatawanyika, huyu chooni, huyu kafuata chai, huyu anatafuta kiatu, mwenyekiti wa kamati anapiga kelele mpaka sauti inakauka. Nikawaambia wanikabidhi orodha ya wanaosafiri, imepangwa kwa magari. Naita gari la kwanza, wanasimama kwenye jeneza, napiga, halafu hapohapo wanapanda. Hakuna kurudi nyuma. Naita gari la pili. Kwa nusu saa mambo yamekwisha, gari zinaunguruma, jeneza linapakiwa la mwisho. Kamati zilinipenda kwa hilo kuliko hata kwa picha. Wakawa wanaambizana, mpigieni yule wa Madale, anapanga mpaka abiria.

Utaratibu huo ni wangu, niliubuni mwenyewe, na wengi wameuiga bila hata kusema asante. Nasema hivyo mapema ili ieleweke kwamba kosa lililotokea Goba nalo ni la kwangu.

Marehemu alikuwa mtu wa Rombo, karani wa siku nyingi, mwenye umri kama wangu. Nilifika kwake saa nane na nusu usiku na Noah yangu, ile barabara ya mawe inayopanda kilima, baridi ipo kidogo. Wanawake walikuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria ya chai. Katikati yao alikuwepo jirani yao mmoja, mama wa Kipare, mtani wa wale Wachaga. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, anatembea kama marehemu alivyokuwa akitembea, mikono nyuma, anaonja chai na kuuliza sukari kaificha nani. Watu wanacheka huku wanafuta machozi. Mtani kazi yake hiyo, na hakuna anayeruhusiwa kumkasirikia.

Aliponiona na begi langu akaniuliza, "Na wewe Mzaramo, umeamka au ngoma ya jana ndiyo haijaisha?"

Nikamjibu kwamba kwetu tunaamshwa na adhana, siyo na madeni kama Wapare. Akafurahi, akanipa kikombe.

Mwenyekiti wa kamati akanipa karatasi. Magari manne, majina chini ya kila gari. Mie nasoma taratibu, lakini nasoma. Mjane na watoto, gari la kwanza. Ndugu na wakwe, gari la pili. Jumuiya na wafanyakazi wenzake, basi dogo. Kwaya, basi la pili. Gari la jeneza lilikuwa peke yake, na ndani yake angepanda mdogo wake marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara.

Kazi ilikwenda kama maji. Nilisimamisha warefu nyuma, nikamwondoa mtu mmoja mwenye shati linalong'aa nikamweka pembeni, nikamwomba mjane ainue kidevu kidogo tu. Kila kundi picha nne, kisha mlangoni mwa gari. Ilipofika saa kumi na dakika ishirini viti chini ya turubai vilikuwa vitupu. Wakabeba jeneza, wakalisukuma ndani ya gari, dereva akalifunga mikanda. Mchungaji akasoma sala ya safari. Mie nikabaki nafuta lensi, najiambia moyoni kwamba hakuna mwingine mji huu anayeweza kuondoa watu sitini gizani namna ile bila kelele.

Ndipo mlango wa sebuleni ukafunguliwa.

Alitoka bibi mmoja mwembamba, ameshika kile kigari cha kutembelea cha miguu minne. Anakinyanyua, anakitua, anavuta mguu. Amevaa kitenge kilichopigwa pasi na kitambaa cheupe kichwani. Alikuja moja kwa moja kwangu, kwa kuwa mie ndiye niliyekuwa na kamera.

Nikamwamkia, shikamoo bibi.

"Marahaba, mwanangu. Zamu yangu imefika?"

Nikamuuliza yeye ni wa gari lipi. Akasema hana gari, hasafiri. Yeye ndiye mama yake marehemu.

Niliifungua ile karatasi ingawa nilishajua kilichomo. Hayumo. Ningemwonaje? Orodha ilikuwa ya wanaosafiri. Mjukuu wake mmoja alikuwa amemwambia tangu saa nane akae chumbani, ataitwa wakati wa picha, na yeye akavaa akakaa kitandani akisubiri. Baadaye ndiyo nikaelezwa yote. Alikuwa ameanguka huko kwao akavunjika nyonga, na marehemu akamleta Dar kumtibu, akawa anaishi naye hapo Goba mwaka wa pili sasa. Daktari amekataza asikae kwenye gari mwendo mrefu. Kwa hiyo mwanawe anakwenda kuzikwa kwenye kihamba, lile shamba la ukoo la nyumbani, na yeye mwenye kihamba anabaki Goba. Lile jeneza likishatoka getini ndiyo basi. Kaburi hatalifikia, labda naye siku akirudishwa kwa njia hiyohiyo. Picha ndiyo ilikuwa maziko yake, na mie nilikuwa nimeshafunga kazi.

Nilikwenda kwa mkuu wa msafara. Alikuwa amekaa mbele kwenye gari la jeneza, kioo kimeshushwa, simu sikioni. Nikamwambia mama yenu hajapigwa picha.

Alifumba macho kidogo. Namuelewa, hakuwa amelala siku tatu. Akaniambia mama ameaga jana jioni kwenye ibada, inatosha. Akanieleza habari ya foleni, kwamba wakikuta malori yameshajaa Mbezi na Kibaha watafika Rombo usiku, na kwao hawazikii gizani. Nikamwambia ni dakika tano tu, walishushe.

"Mzee wangu, kwetu aliyekwisha kutoka mlangoni hashushwi. Sala imesomwa. Unataka nimrudishe kaka chini kwa ajili ya picha?"

Akaitazama kamera mkononi mwangu. Akapata wazo.

"Mpige mama peke yake hapo. Si una kompyuta? Utamuunganisha na jeneza, nani atajua?"

Kusema kweli hilo naliweza. Nimeunganisha watu wengi. Nimemweka harusini baba aliyekuwa Afrika Kusini, kasimama kando ya bibi harusi, na mpaka leo kuna ndugu zake wanaoapa kwamba walimwona ukumbini. Nilikuwa tayari kukubali. Lakini bibi alikuwa amenifuata nyuma na kigari chake, na masikio yake hayakuwa na ubovu wowote.

"Mie nisiunganishwe," akasema. "Mwanangu yuko hapo, naliona gari. Ya nini kuunganishwa na mtu aliye hatua kumi?"

Mwanawe huyo mkuu wa msafara akashuka, akamshika bega, akaanza kumbembeleza kwa Kichaga. Sikuelewa maneno, ila sauti nilielewa. Ni ile ya kumwambia mtu mzima kwamba yamekwisha, arudi ndani. Bibi hakulia. Alikuwa anatazama mlango wa nyuma wa lile gari tu. Dereva akawasha injini.

Hapo ndipo yule Mpare alipotoka nyuma na koti lake la marehemu. Hakuuliza kitu. Alipita mbele ya gari, akatandika khanga moja chini kwenye kokoto, akakaa mbele ya tairi na kunyoosha miguu.

"Gari halitoki," akasema. "Mimi ndiye marehemu, na sijaagana na mama."

Watu kwenye mabasi wakachungulia madirishani. Mkuu wa msafara akamwambia dada, tafadhali, tunachelewa.

"Mchaga bwana, hata akifa anawahi foleni. Nani anakusubiri huko, benki?"

Basi zima likaangua kicheko, na mjane mwenyewe kwenye gari la kwanza nilimwona anacheka na leso mdomoni. Yule bwana alisimama akamtazama chini. Angekuwa mtu mwingine angeondolewa kwa mikono. Mtani huwezi kumgusa. Ukimkasirikia msibani umejiaibisha wewe na ukoo wako. Kwa wiki nzima alikuwa amewapikia, amewachekesha, na sasa alikuwa anadai haki yake, na haki yake akaamua ni hiyo. Yule bwana akaangalia saa, akamwangalia mama yake, halafu akamwambia dereva azime injini na afungue nyuma. Ila hashushwi, akasema. Kama ni picha, hapohapo alipo.

Sasa hapo ndipo naomba wapiga picha wasome vizuri. Jeneza la mninga limepakwa vanishi linang'aa kama kioo, limo ndani ya gari la chuma lenye vioo pande zote, giza nje, na turubai langu jeupe liko mbali. Ukipiga flashi pale unapata mwale mmoja mweupe katikati na hakuna kingine. Picha imeungua. Taa ya ndani ya gari ilikuwa kama mshumaa. Nikamwambia dereva wa basi dogo asogee nyuma yetu, asimame kwa upande, awashe taa kubwa. Mwanga ukawa mkali mno, unakata. Nikamwomba mtani khanga, akanirushia aliyojifunika mabegani bila kunyanyuka pale chini. Nikaitundika mbele ya zile taa, upande wenye nyeupe nyingi. Mwanga ukapoa, ukawa na wekundu kidogo wa khanga, wekundu wa moto wa kuni. Mpaka leo sijaona taa ya dukani inayotoa mwanga ule.

Tukamsogeza bibi mpaka mlangoni mwa gari. Akaangalia ndani.

"Kichwa kiko wapi?"

Dereva akamwambia kiko mbele huko, upande wa kiti chake. Huku ni miguu. Kupanda ndani hawezi, na kumgeuza marehemu haikuwezekana. Nilidhani hapo atavunjika moyo. Alikiacha kigari, akaegemea ukingo wa mlango, akanyoosha mkono akaulaza juu ya mwisho wa jeneza.

"Miguu nayo ni yangu," akasema. "Nilimzaa nayo."

Kwa mwanga mdogo namna ile kamera inahitaji muda, na anayepigwa hatakiwi kutikisika. Bibi alikuwa anatetemeka, si kwa kulia, ni ile nyonga. Nikamwomba asipumue mpaka nihesabu tatu. Ya kwanza ilitoka ukungu. Ya pili nayo mkono uko vizuri lakini uso umekwenda. Mikono yangu ilikuwa imara, hiyo niandikiwe. Nimepiga picha juu ya pikipiki inayotembea na hazikutikisika. Tatizo lilikuwa ule mguu.

Mwanawe aliona. Hakuambiwa na mtu. Alikuja nyuma ya mama yake, akaupitisha mkono mmoja kiunoni mwake na mwingine akashika nguzo ya mlango, akajikaza, akawa kama ukuta wa kumwegemeza. Kidevu chake kikagusa kile kitambaa cheupe. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu.

Nikaangalia kwenye kioo cha kamera, nikakuza mpaka kwenye kope. Imekaa. Macho ya bibi yalikuwa yamefumba, na kwa kawaida picha ya macho yaliyofumba mie naihesabu imeharibika. Nikamwambia bibi turudie mara moja tu, akiwa ametazama. Akaomba aione hiyo kwanza. Nikamwinamishia kamera. Akaitazama kwa muda, kidole chake kikifuata mkono wake mwenyewe mpaka ulipogusa mbao.

"Sawa," akamwambia mwanawe. "Nendeni."

Mtani akasimama, akakung'uta koti, akawafungulia geti yeye mwenyewe. Msafara ulitoka saa kumi na moja kasoro, bado giza, taa nyekundu zikashuka kilima moja baada ya nyingine. Foleni hawakuikuta, niliambiwa baadaye, na kaburi lilifunikwa jua likiwa juu. Siku hizi misiba yote naanza na wanaobaki. Naomba karatasi mbili, na nikipewa moja siwashi kamera.

Wiki mbili baadaye nilipeleka picha. Ile moja niliisafisha kubwa, nikaitia fremu ya mbao kwa hiari yangu, sikuagizwa. Nilikuta waliokwenda Rombo wamesharudi na picha zao za huko walizopiga kwa simu. Walikuwa wamemzunguka bibi sebuleni wanamwonyesha kaburi, mashada, watu waliojaa kwenye migomba, na yeye anaitikia kwa kichwa kwa adabu, anauliza huyu nani, yule nani. Nilipoitoa fremu kwenye karatasi wakaweka simu chini. Mwanawe akainuka kunipisha, akasema tuitundike hapa ukutani wageni waione.

Bibi alikataa. Akaipokea, akaiweka mapajani, akaifunika nusu kwa kitenge.

"Hizo ni za kwenu," akawaambia. "Hii ni ya kwangu. Nipelekeni nayo chumbani."